Kokoto ya Tisa

Jana asubuhi nilifagia wadudu wa ziwa barazani, nikazoa mabeleshi manne. Nyie wa rika langu mliokulia Mwanza mnawajua. Wanaingia jioni kwa maelfu bila sauti, wanajazana kwenye taa, na kukipambazuka wote wamekufa, laini, wanatoa harufu ya samaki mbichi iliyochanganyika na vumbi lililonyeshewa. Majirani zangu hapa Igogo huwa wanalaani na kupuliza dawa. Mimi huwafagia kimya kimya, na siku hiyo sinywi chai. Harufu ile inanirudisha kisiwani kwa Bibi, kwenye mchana mmoja ambao nimeukwepa karibu maisha yangu yote. Safari hii sikuweza kuukwepa, kwa sababu Bibi tumemzika mwezi uliopita.

Nilikuwa darasa la nne. Mama alikuwa fundi cherehani, chumba chake cha kushonea kikiwa hapa hapa Igogo, na mwaka ule alianza kuvimba miguu na kuchoka kabla hajamaliza hata pindo la sketi. Daktari alisema moyo umepanuka. Mimi sikuona ubaya wowote wa moyo kupanuka, nilidhani ni jambo la kujivunia. Baba alikuwa na zamu zake kiwandani Nyakato, na Mjomba Faustini, mdogo wake Mama, ndiye aliyekuwa akishinda naye hospitali. Kwa hiyo likizo ilipofika ikaamuliwa nipelekwe kwa Bibi, mama yake Mama, kwenye kisiwa kidogo upande wa pili wa Ukerewe.

"Wenzako wanatoka mbali kwenda kukitalii kile kisiwa," Mama aliniambia akiwa amejilaza. "Wewe una bibi yako huko. Kaangalie vyote vizuri, halafu uje unisimulie. Mimi mwenyewe nimeanza kukisahau."

Kabla sijaondoka nilimwibia jiwe lake la kusugulia miguu. Lilikuwa dogo kama yai, jeusi, jepesi, lenye vitundu kila mahali, limelika upande mmoja kwa sababu ya magaga yake, na lilinukia sabuni yake. Nililificha ndani ya soksi. Nadhani nilitaka kitu kimoja cha Mama ambacho hakiumwi.

Bibi hakuwa bibi wa hadithi. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa hasira, anatembea na raba za kiume, na redio yake ilikuwa haizimwi hata wakati wa kusali. Aliniita mke mwenzangu, na kila nilipokosea alisema nimekuja kumharibia nyumba ambayo yeye na babu walihangaika kuijenga. Babu alikuwa amekufa kabla sijazaliwa. Jioni ya kwanza Bibi alilikuta lile jiwe chini ya shavu langu, akalishika, akalipima uzito kiganjani.

"Mke mwenzangu analala na jiwe la magaga," alisema. "Mume akikuona atakimbia."

Akalirudisha pale pale, akanifunika.

Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni, kazi aliyoachiwa na mama mkwe wake. Kulikuwa na vitu vitatu vya kuonyesha, na alivionyesha kwa mpangilio ule ule na maneno yale yale, kama mtu anayesoma. Kwanza Unyayo. Ni alama ya mguu mmoja wa kushoto kwenye mwamba, mkubwa kuliko wa mtu yeyote niliyemjua, vidole vikielekea ziwani. Wa kulia hakuna aliyewahi kuuona. Pili Pango, ambalo lilitoa hewa ya joto yenye ukali wa mavi ya popo, na ukiita jina lako ndani lilirudi likiwa limechelewa kidogo kuliko ulivyotarajia, kana kwamba kuna mtu aliyelifikiria kwanza. Mwisho lilikuwa Jiwe Linalocheza. Hilo lilikaa juu kabisa ya kisiwa, kwenye mwamba mtupu, ukubwa wake kama chumba cha Mama cha kushonea. Bibi aliweka kiganja kimoja tu, akaliamkia kwa Kikerewe, na jiwe likaanza kuyumba. Sauti yake ilitoka chini, gu, gu, gu, na ulianza kuisikia nyayoni kabla haijafika masikioni.

Chini ya mwamba ule, pale njia ya kupanda inapoanzia, kulikuwa na kishimo cha mviringo kwenye jiwe, kina chake kama bakuli la ugali. Hapo ndipo Bibi alipowasimamisha wageni wote, awe mkuu wa wilaya au mzungu wa kamera.

"Kalibuni sana," alisema, kwa l hiyo hiyo ambayo Mama alikuwa akimwigiza nyumbani. "Vueni viatu. Kila mtu aokote kokoto moja aiweke humu. Ukishuka unatoa moja, unaitupa ziwani. Aliyehesabiwa hapa hapotei. Lakini kokoto ikibaki humu, mjue kuna mtu hajashuka, na mimi siondoki mpaka nijue ni nani."

Wageni walicheka. Halafu niliwaona wakiinama mmoja mmoja na kuweka kokoto zao taratibu, hata wale waliocheka zaidi. Bibi mwenyewe aliweka yake, na mimi yangu. Wakati wa kushuka alisimama pale kishimoni akihesabu watu kwa sauti, mmoja, wawili, watatu, na mwishoni aliingiza mkono kupapasa chini kuhakikisha pamebaki patupu. Nilimuuliza kama iliwahi kubaki kokoto. Alisema iliwahi, wakati wa mama mkwe wake, na hakuendelea. Alipandisha redio sauti.

Siku ya tano walikuja wanafunzi wa sekondari na mwalimu wao wa jiografia. Alikuwa mwalimu mzuri, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Aliniona nimekaa mlangoni kwa Bibi nachezea jiwe la Mama, akaliomba.

"Hili si la huku," aliwaambia wanafunzi. "Limetoka kwenye volkeno, mlima unaotema moto. Ni povu la moto lililoganda. Mtanibishia, sasa angalieni."

Akaliweka kwenye ndoo ya maji. Likaelea. Wanafunzi walipiga makofi, lakini mimi niliingiwa na baridi, maana sikuwahi kuona jiwe likikataa kuzama. Kwa hiyo miezi yote ile Mama alikuwa akisugua miguu yake kwa moto, na ndiyo maana ilikuwa imevimba.

"Na haya ya kisiwani, mwalimu?" aliuliza msichana mmoja.

"Haya nayo yalikuwa moto, chini kabisa ya ardhi. Yakapoa polepole, miaka mingi sana."

Leo najua alichosema. Wakati ule sikusikia kupoa, nilisikia moto na nilisikia chini. Kila kitu ambacho Bibi alikuwa akiwaonyesha wageni kikajipanga upya kichwani mwangu. Joto la Pangoni lilikuwa pumzi ya moto. Ule mlio wa gu, gu, gu ulikuwa wa kitu kinachobisha hodi kutoka chini, na Jiwe lilikuwa kifuniko chake. Yule mwenye Unyayo alikuwa mtu aliyekimbia, akakanyaga mara moja tu kwa mguu wa kushoto, akajirusha ziwani. Sikumwambia mtu. Watoto huwa hatusemi mambo makubwa, tunasema njaa na kuumwa tumbo.

Siku chache baadaye Bibi alishuka kutoka juu akiwa na haraka. Simu yake, ile ya tochi, ilishika mtandao kule juu tu, kando ya Jiwe, na kila asubuhi alipanda kuzungumza na Mjomba. Alisema kesho tutawatembeza wageni asubuhi, halafu tutadandia mtumbwi wao mpaka Nansio, tupande meli ya kwenda Mwanza.

"Mama yako amekuulizia," alisema. "Anataka hadithi zake. Anasema umekaa mno."

Nilifurahi nikaanza kukunja nguo zangu papo hapo. Na nilipotoka nje kuanua soksi ndipo nilipouona moshi. Ulikuwa mweusi, umesimama wima katikati ya maji upande wa Mwanza, mrefu, ukipinda juu kidogo na kunyooka tena. Hapakuwa na meli chini yake wala kisiwa. Ulitoka majini moja kwa moja.

"Bibi," nilisema, "ziwa linatoa moshi."

Bibi alikuwa anapuliza moto wa kuni, amenipa mgongo. "Huwa linatoa," alijibu. "Kesho moshi wake utakuwa umefika huku. Ukipika, funika sufuria."

Aliongea kama mtu anayezungumzia mvua. Nilisimama na soksi zangu mkononi. Moto ulikuwa umeshapasuka, umeanzia kwa Mama, na Bibi alikuwa anajua na amekubali. Sijawahi kuogopa namna ile tena, hata siku ya kujifungua.

Wageni wa kesho yake walikuwa akina mama sita wa kwaya kutoka Bujora, wamevaa vitenge sare, wanataniana tangu mtumbwini. Tuliwapitisha kwenye Unyayo, tukawapitisha Pangoni, na mmoja wao mnene aliita jina la mumewe mle ndani, wenzake wakacheka hadi kukaa chini. Moshi ulikuwa bado upo ziwani. Ulikuwa umesogea. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nautazama.

Tulipofika kwenye kishimo wakaweka kokoto zao sita, Bibi akaweka yake, mimi nikaweka yangu. Zikawa nane. Bibi alipogeuka kuongoza njia, nikachomoa jiwe la Mama kwenye soksi niliyokuwa nayo mfukoni, nikalitumbukiza, nikalifukia chini ya zile nane. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Aliyehesabiwa hapa hapotei. Nikimhesabu Mama, moto ukifika hospitali utamkuta ameshaandikwa kwingine. Na jiwe lisipotolewa atakuwa bado yupo. Niliona nimefanya jambo la akili ambalo watu wazima wote walikuwa hawajalifikiria, nikapanda mwamba nyuma yao moyo ukinidunda kwa kiburi.

Juu, Bibi alilichezesha Jiwe, na akina mama wakaomba kuimba. Walikuwa katikati ya wimbo simu ilipolia. Bibi alikwenda hadi ukingoni mwa mwamba, akatugeuzia mgongo. Alisikiliza muda mrefu.

"Nimesikia," alisema. Kisha tena, "Nimesikia, mwanangu."

Alibaki amesimama anatazama maji mpaka wimbo ukaisha. Aliporudi kwetu alikuwa ameutoa mtandio wa kitenge mabegani na kujifunga kiunoni. Kule juu kulikuwa na upepo, nikadhani ni kwa ajili hiyo. Alimalizia maneno yake yote ya kawaida bila kuruka hata moja, akawashukuru, akatangulia kushuka.

Pale chini alihesabu. Mmoja, wawili, mpaka sita. Kila mmoja alitoa kokoto yake akaitupa ziwani. Bibi akatoa yake, mimi nikatoa yangu bila kulisogeza lile lililobaki. Halafu akainama, akaingiza mkono kama alivyozoea, bila kutazama, akipapasa.

Mkono ulisimama. Ulikaa mle ndani muda ambao mimi niliuona kama saa nzima. Alipoutoa ulikuwa mtupu.

"Kuna mtu hajashuka," alisema.

Akina mama walitazamana. "Sisi wote tupo, Bibi," alisema yule mnene. "Sita tulikuja, sita sisi hapa."

"Nyie mpo. Nendeni salama."

"Na wewe si tulikubaliana tunakuacha Nansio na mjukuu wako?"

"Nitakwenda kesho. Siwezi kumwacha mtu juu peke yake."

Mwenye mtumbwi alikuwa anapiga kelele kutoka majini akionyesha ule moshi, kwamba watoke kabla haujawafikia. Akina mama waliondoka wakigeuka nyuma, utani wote umewaisha. Nilisimama pale nikiusikiliza mlio wa injini ukififia. Neno moja tu lingetosha. Ningesema ni mimi, Bibi angecheka au angenichapa, na tungekimbia tukapanda. Lakini nikisema angelitoa lile jiwe, na likitoka Mama asingekuwa tena kwenye hesabu. Nisiposema, Bibi angekosa safari, na Mama alikuwa anatusubiri. Nilikuwa na miaka tisa, na sikuona njia ya tatu. Nilinyamaza.

Bibi aliokota kokoto mbili, akanipa moja. "Weka," alisema. "Tunapanda tena."

Kwenye kishimo sasa kulikuwa na tatu. Yake, yangu, na ile.

Tulikaa kando ya Jiwe mchana wote. Kwa mara ya kwanza tangu nifike hakuwa na redio. Alinikalisha mahali fulani, akaniambia Mama akiwa na umri wangu alikuwa akikaa pale pale, anang'oa ukoga kwenye mwamba kwa kucha na kusema atajenga ghorofa Mwanza. Aliniambia Mama alivyokuwa mvivu wa kuchota maji na mwepesi wa kulia. Nilikuwa sijawahi kumsikia Bibi akiongea maneno mengi kiasi kile ambayo si ya wageni.

"Unadhani ameanzia wapi?" aliniuliza ghafla.

"Nani?"

"Huyu ambaye hajashuka."

Nilisema sijui, labda Unyayo.

"Mimi nadhani ameanzia Pangoni," alisema Bibi. "Pango alikuwa analiogopa sana. Mtu huanza na kile alichokuwa anakiogopa."

Nilitazama njia tuliyopandia. Ilikuwa tupu, na jua lilikuwa kali juu ya mwamba, na bado nilikuwa na hakika kwamba nikigeuza uso kidogo nitamwona mtu akipanda taratibu, akishika magoti. Hapo ndipo Jiwe lilipogonga. Gu. Mara moja. Bibi alikuwa amekaa mikono yote miwili mapajani. Hakushtuka. Alitikisa kichwa kidogo, kama unavyomwitikia mtu aliyekuamkia barabarani.

Mpaka leo sina maelezo ya mlio ule. Nimewahi kuambiwa ni joto la mchana, mawe hutanuka. Sawa.

Moshi ulitufikia kabla jua halijazama. Kwanza mwanga ulififia, ukawa wa kahawia. Kisha kukawa na mvumo mwembamba kila upande, nikajua ndio mwisho, nikafumba macho nikisubiri kuungua. Bibi alifungua kitenge cha kiunoni, akanivuta, akatufunika wote wawili. Nilihisi vitu vyepesi vikianguka juu ya kitambaa, vingi mno, na ile harufu ikaingia.

"Bibi, ni moto?"

"Moto gani? Ni wadudu, mama. Wadudu wa ziwa tu." Akamtoa mmoja kwenye nywele zangu, akanionyesha kiganjani. Alikuwa mdudu yule yule wa kwenye taa za Igogo ambaye nilikuwa nikimkanyaga tangu nizaliwe. "Kwa mbali wanafanana na moshi. Anaishi siku moja, huyu. Anatoka majini, anaangalia angalia, basi."

Nililia. Bibi alidhani, au mimi nilidhani Bibi anadhani, kwamba ni kwa hofu. Lakini nilikuwa nimeelewa kwamba hakuna moto wowote, hakujawahi kuwepo, na kwamba nilikuwa nimemkosesha Bibi safari ya kumwona mwanawe kwa sababu ya wadudu. Nilifungua mdomo nimwambie.

"Tushuke," alisema Bibi.

"Na yule?"

"Mwache." Aligusa Jiwe kwa vidole, kidogo tu. "Bado anaangalia."

Tulipofika kwenye kishimo tulitoa kokoto mbili. Ya tatu tuliiacha.

Kesho yake tuliondoka na watu wa dagaa, tukapanda meli Nansio. Bandarini Mwanza Mjomba Faustini alikuwa amesimama bila kofia. Hakuna aliyeniambia kitu mpaka tulipokunja kona ya nyumbani nikaona viti vya kukodi na akina mama wamejifunga vitenge viunoni kama Bibi. Mtu mmoja alisema amefariki jana. Niliishika jana ile nikaenda nayo. Jana ndiyo siku tuliyokaa juu ya mwamba. Nikajitungia yote yaliyobaki, kwamba Mama alikata roho jioni, akimwita mama yake, macho mlangoni, na mama yake alikuwa kisiwani anasubiri mtu asiyekuwepo kwa sababu mimi sikufungua mdomo.

Hakuna aliyewahi kunieleza hivyo. Niliyatunga mwenyewe nikayaamini kuliko kitu chochote nilichofundishwa.

Sikurudi kisiwani. Nilipokuwa shule nilikuwa na mitihani, nilipoolewa nilikuwa na kazi, nilipojifungua nilikuwa na mtoto mchanga. Bibi niliishi naye kwa simu. Niliusikia upepo ukivuma nyuma yake, nikajua yuko juu kule, kando ya Jiwe. "Mke mwenzangu," alikuwa akisema kabla ya kukata, "utakuja lini? Yule mgeni wako bado yupo." Nilidhani ananisuta. Nilicheka kicheko cha uongo, nikasema mtandao unakata. Nimefanya hivyo mara nyingi mno, na sasa ningetoa chochote nilicho nacho niirudie hata simu moja.

Mwezi uliopita nilikwenda, maana kwenye maziko hakuna kisingizio. Nilikwenda na binti yangu, ambaye yuko darasa la nne. Siku ya tatu baada ya kuzika alisema anataka kuliona jiwe linalocheza, na Mjomba Faustini, ambaye sasa ndiye anayetembeza wageni ingawa magoti yamemkatalia kupanda, alitupeleka hadi kwenye kishimo.

"Shikamoo, mwamba," alisema binti yangu kwa utani, akainama kuweka kokoto yake. "Mama, humu kuna jiwe lenye matundu."

Nilitazama. Lilikuwa limeota ukungu wa kijani upande uliolika. Nikakaa chini mbele ya mwanangu, nikamwambia Mjomba yote. Nilimwambia juu ya moshi, na soksi, na mkono wa Bibi uliosimama, na jinsi nilivyomwacha Mama afe peke yake. Niliongea haraka kama mtu anayetapika.

Mjomba alinisikiliza akiegemea fimbo yake. Alionekana kushangaa, lakini si kwa yale niliyotarajia.

"Kumbe wewe miaka yote ulikuwa hujui," alisema. "Dada alifariki alfajiri. Kabla hamjaamka. Nilikaa na simu mkononi mpaka saa nne, nakosa maneno. Mimi ndiye niliyempigia Bibi yako, akiwa juu na wale wa kwaya. Nawasikia wanaimba."

Nililitazama tena lile jiwe kishimoni.

"Usiku, ulipolala, alipanda tena kunipigia. Nikamwuliza, mama, mbona hujapanda mtumbwi, watu wanakusubiri. Akasema, nitakuja kesho. Mtoto amempandisha mama yake huku juu. Siwezi kumshusha mbio mbio." Mjomba alipangusa uso kwa mkono. "Jiwe lile alilijua kwa kulishika tu. Alikuwa amekukuta unalala nalo, si ndiyo? Tangu siku hiyo, wageni wakishuka alipapasa, akisema mmoja bado, huyo wangu. Alinikataza nisilitoe. Alisema aliyelileta atalifuata."

Kwa hiyo Bibi hakuwa akisubiri mtu asiyekuwepo. Alikaa mchana kutwa na msiba wake kifuani, akanisimulia mwanawe alivyokuwa mvivu wa kuchota maji, ili mimi nibaki na mama kwa siku moja zaidi. Na kwenye simu alikuwa ananiita, mwaka baada ya mwaka, nije nichukue kilicho changu.

Tulipanda, mimi na binti yangu, pekupeku. Nilimkalisha pale Mama alipokuwa akikaa, nikamwonyesha mikwaruzo ya ukoga ambayo huenda ni yake na huenda si yake. Nilimsimulia juu ya Unyayo na Pango. Nilisimulia vyote kwa sauti, taratibu, kama nilivyoagizwa, na sikumtazama binti yangu peke yake. Hatukugusa Jiwe, na lenyewe lilikaa kimya.

Tulipoteremka, binti yangu alitoa kokoto yake akaitupa ziwani. Nilitoa yangu nikaitupa. Kisha niliingiza mkono nikalitoa lile lililobaki. Lilikuwa jepesi vile vile, la baridi, na nilipolisugua kwa kidole gumba ukungu ulitoka.

Mjomba alikuwa amesimama njiani akituhesabu, kama kazi inavyotaka. "Mmoja," alisema. "Wawili." Alikitazama kiganja changu. "Watatu," akasema, akasogea kando tupite.